Gari Lisilo na Breki ya Pili

3 Februari

Mwanangu Bwana Breki,

Shikamoo yako nimeshaiitikia kabla hujaitoa, kwa hiyo tusipoteze wino. Hujambo wewe? Mkeo hajambo? Na huyo binti aliyeng'oka jino la mbele, mwambie bibi yake anataka kusikia akipiga mluzi kwenye hilo pengo kabla halijazibwa.

Mimi mzima. Goti la kulia linanisumbua asubuhi, likishapata joto linanyamaza. Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, yule fundi saa, bado ananisalimia kwa kutikisa kichwa tu, utadhani maneno yanauzwa. Shule ya udereva wameniaga rasmi. Kulikuwa na keki na soda, kisha hotuba ya mkurugenzi, ambaye mpaka leo hawezi kurudi nyuma kwenye kichochoro bila kushusha kioo na kuomba msaada. Wamenipa saa ya ukutani. Yaani mtu ameshaachana na kufuata saa, ndiyo unampa saa! Nimempa fundi saa aitundike kwake.

Sasa jambo lenyewe. Kaa chini kwanza.

Nataka kununua gari. Si gari la kubebea unga na sabuni. Gari la spoti, jekundu, la zamani, viti viwili tu, paa la turubai linalokunjwa nyuma. Ni la mfamasia wa mtaa wa pili. Amelitunza tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ila mgongo wake umegoma. Kuingia anaingia, kutoka mpaka avutwe mkono. Nimepita kulitazama mara kadhaa na kila nikitoka pale nacheka peke yangu barabarani.

Najua utasema nini. Lakini nisikilize. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki ya pili ya mwalimu, nikingoja mtu mwingine akosee. Wewe mwenyewe nilikufundisha, na jina la Bwana Breki hukulipata kwa bahati nasibu, ulikuwa unasimama hata kwa kivuli. Mimi sijawahi kuendesha gari kwa raha zangu, mwanangu. Nimeendesha za shule tu, tena kuzipeleka kuoshwa.

Kazi yako ni kukagua magari, basi niambie ya kuangalia. Sikuombi ruhusa. Na usinipigie simu kuhusu hili, ukinipigia utanikatiza kila sentensi. Niandikie, uanze na kumaliza kama mtu mzima.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi, shikamoo,

Huku hatujambo wote. Binti mluzi anaupiga, tena hatuombi tena aupige, tunaomba aache. Mke wangu amehamishiwa zamu za mchana, kwa hiyo yeye ndiye anatupitisha kila mtu anakokwenda, kisha mimi namalizia na basi. Basi ni zuri, unasoma gazeti.

Barua yako niliisoma nikiwa kazini, na nilikosea kuisomea pale. Unajua ofisi yangu ilivyo, dirisha linatazama uwanja wa magari ya ajali. Nikamaliza mstari wa viti viwili, nikainua macho, mbele yangu kuna gari la viti viwili. Ninaandika ripoti zake wiki hii. Sitakueleza lilivyo.

Shangazi, gari la zamani la spoti ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Liko chini, madereva wa malori hawalioni. Halina mifuko ya hewa ya kukukinga ukigonga. Spea zake huzikuti dukani, mpaka uagize na ungoje, na fundi atakayeligusa atajifunzia kwako. Rangi inaweza kung'aa huku chasisi imeliwa na kutu. Na hicho kiinua mgongo chako ndicho cha uzeeni. Likifa injini mwezi wa pili, utalifanya pambo la uani?

Haya, ukikataa kunisikia, angalau fanya haya. Inua zulia la chini miguuni, upapase kwa kiganja. Pakiwa na unyevu, maji yanaingia na kutu ipo. Mwambie mfamasia asiliwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye boneti kabla ya salamu. Likiwa la moto, muage urudi nyumbani, maana amelipasha ili usisikie linavyoamka. Likiwa baridi, liwashwe wewe ukiwa nyuma, utazame moshi. Mweupe kidogo si neno, wa bluu linakula oili.

Halafu nitumie namba ya gari. Kuna mwenzangu anashughulika na kumbukumbu za ajali, ataniangalizia kama limewahi kugongwa. Usitoe chochote kabla sijajibu. Nakuomba.

Ni mimi, mwanao


11 Machi

Bwana Breki,

Hamjambo? Mimi mzima, goti nalo limenyamaza. Fundi saa juzi alitamka sentensi nzima, alisema saa ya mkurugenzi inachelewa.

Nimefanya kazi uliyonipa, tena kwa nidhamu. Siku ya kwanza nikafika, kiganja kwenye boneti, moto! Nikageuka niondoke. Mfamasia akanikimbilia na koti lake jeupe, "Mwalimu, kulikoni?" Kumbe maskini alikuwa amelitoa kidogo kununua mkate. Nikamwambia mkate utanunuliwa kwa miguu. Kesho yake nikarudi, baridi kabisa. Likakohoa mara moja, likaamka. Moshi mweupe kidogo, wa bluu hakuna. Zulia kavu upande wa dereva, upande wa abiria kuna ubichi, paa linavuja pale kwenye mshono. Basi, abiria atajikunyata.

Kisha akaniendesha. Mwanangu! Anaendesha utadhani amebeba mayai, lakini hata hivyo. Unakaa chini kabisa, barabara inakujia usoni, upepo unaingia mpaka kwenye mikono ya gauni, na injini inaimba mbele ya magoti. Watu wa kituo cha mafuta wakasimama. Nilicheka mpaka machozi. Sijui mara ya mwisho lini nilifurahi hivyo, na nikijiuliza naona aibu kidogo.

Namba yake mwisho ni 336, nimekuandikia nzima nyuma ya karatasi hii. Niliisoma mwenyewe nikiwa nimesimama pale langoni kwake.

Ah, na ukisikia kutoka kwa mtu kwamba nilikwangua gari la shule siku ile ya kukabidhi funguo, ni kweli. Ile nguzo ya lango walishaisogeza, nina hakika.

Shangazi yako


24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi, unisamehe, roho iko juu.

Namba uliyonipa ni ya lori la taka. Mwenzangu ameangalia mara mbili. Lori, Shangazi, tena bado liko barabarani linazoa taka. Gari dogo jekundu lenye namba hiyo halipo.

Unajua maana yake. Limeibwa, au limeunganishwa mbele ya hili na nyuma ya lile, kisha wakalibandika namba. Nimeyaona hayo hapa uwanjani. Yanapendeza hayo, na kwenye kona yanakatikia pale yalipounganishwa. Mfamasia wako huenda ni mtu mwema, na huenda naye alitapeliwa. Usimpe kitu. Usipande tena. Usilijaribu hata kwenye uwanja.

Nimekupigia, hupokei. Nijibu haraka.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu,

Hamjambo? Barua yako ilikaa posta mpaka ikachacha, au mimi ndiye niliyechelewa kuichukua, tuyaache.

Umenitia aibu. Niliisoma, nikavaa viatu, nikaenda moja kwa moja dukani kwa mfamasia. Kulikuwa na foleni ya watu wenye mafua. Nikamwambia mbele yao kwamba ni mwizi, anauza mwili wa lori la taka uliopakwa rangi. Watu wakaacha kukohoa! Yeye hakupandisha sauti. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mwalimu, twende ukaisome tena."

Tukaenda. Akanisimamisha karibu, karibu sana, nikaisoma. Mwisho ni 886. Bamba lenyewe lina vumbi na rangi imefifia, mtu yeyote angekosea. Nimekuandikia upya, nzima. Mfamasia akaniuliza jambo hapo, nikamwambia hayamhusu. Nimemwomba radhi, na wale wa mafua pia nimewaomba radhi, wale niliowakuta.

Angalia hii namba ya sasa uniambie. Na acha kunipigia simu. Nilikwambia andika.

Shangazi yako


2 Mei

Shangazi, shikamoo,

Binti ameota jino, mluzi umekwisha, nyumba imepata amani. Mke wangu anakusalimu sana.

Namba ya pili ni sahihi. Gari ni lile lile jekundu, mmiliki mmoja, halijawahi kugongwa hata kidogo. Kama ni gari tu, ningekwambia nunua. Sikutegemea kuandika hivyo, lakini ndiyo hivyo.

Ila sasa si gari tena linalonikosesha raha.

Jana niliziweka barua zako mezani kutafuta namba. Ile ya Februari imeandikwa kwa mwandiko wako wa siku zote, ule mdogo uliokuwa unatuandikia makosa yetu baada ya somo. Ya Machi herufi zimekua. Ya Aprili zimekuwa kubwa mno, na kuna mahali mstari umepanda juu ya mwenzake, sikuweza kusoma uliandika nini kuhusu wale wenye mafua mpaka mke wangu alipoipindua kwenye mwanga. Nikakumbuka nguzo. Nguzo ya lango haisogezwi, Shangazi. Nikakumbuka na namba.

Hukumfundisha mtu yeyote kabla ya kumsimamisha langoni na kumwambia, "Nisomee bamba la gari lile kwenye tangi la maji." Asiyeweza ulimrudisha nyumbani, alie asilie. Mtoto wa mkurugenzi mwenyewe ulimrudisha.

Nakuuliza kwa heshima zote, na usinizungushe. Unaona?

Mwanao


6 Juni

Shangazi,

Mwezi umepita hujajibu. Simu inaita mpaka inakata.

Nimempigia fundi saa. Unajua ilivyo kuzungumza naye, nilipata maneno machache tu. Amesema, "Mzima." Nikamuuliza kama kuna jipya. Akasema, "Kuna gari jekundu uani." Nikamuuliza kama unaliendesha. Nikasikia saa zake zote zikigonga, kisha akasema ana mteja.

Kwa hiyo umenunua. Sawa, ni lako, ni jasho lako. Nimekasirika, na afadhali nikwambie kuliko kukaa nalo. Wewe ndiye uliyenilea baba alipofariki, wewe ndiye uliyenifundisha kufunga tai na kubadilisha gia. Nikiingia kazini asubuhi nalitazama lango la uwanja. Gari likivutwa kuingizwa, nageuza uso kwanza. Likiwa jekundu siwezi kutembea mpaka lipite nione ni la aina gani. Wenzangu wameanza kunicheka. Wao hawajui ninamtafuta nani.

Naogopa, Shangazi. Basi. Sina maneno mengine ya kitaalamu. Tafadhali nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao


28 Juni

Mwanangu mpenzi,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo, mwili mzima. Usihangaike na mwandiko, sasa naandika na ile kalamu nene ya kuandikia mabango, na nimetumia karatasi nyingi. Mke wako hana haja ya kuipindua kwenye mwanga.

Umeniuliza swali la watu wazima, nami nilikimbia kama mtoto. Jibu ni hili. Upande upande naona. Katikati sioni vizuri. Nikimtazama mtu usoni namwona masikio na nywele, uso wenyewe umekaa kama kioo chenye mvuke. Daktari wa macho anasema ugonjwa unakula katikati, pembeni utaniachia. Hakuna dawa ya kuurudisha, kuna ya kuuchelewesha. Aliniambia Januari. Ndiyo sababu niliondoka shuleni, sikuchoka. Barua ya kwanza nilikuandikia nikiwa nalijua hilo, na nilichagua maneno ili usilijue. Nilijiambia nina mwaka. Mwaka mmoja tu, nikae kiti cha dereva, nifukuze upepo, kisha nikabidhi funguo kwa heshima. Nilijidanganya hata nikajiamini.

Mfamasia alijua siku ile ya ugomvi. Alichoniuliza ni kama natumia matone ya macho. Baadaye alikataa kuniuzia, mimi nikamng'ang'ania, nikamwambia litakaa tu. Akakubali kwa sharti kwamba alilete yeye mwenyewe uani, na akalileta, nikamvuta mkono akatoka.

Asubuhi iliyofuata nikavaa viatu vyangu vya kazi. Funguo mkononi. Uani hapakuwa na mtu, isipokuwa fundi saa dirishani. Nikajiambia, haya Mwalimu, utaratibu ni utaratibu. Nikaenda mpaka langoni, nikageuka, nikalitazama bamba.

Nikaisoma yote. Herufi zote, tarakimu zote mpaka 886, bila kigugumizi. Nikafurahi! Nikapiga hatua kuelekea garini.

Ndipo nikasimama. Unakumbuka wale wanafunzi wajanja waliokuwa wanakariri namba ya gari la shule wakiwa nyumbani? Unakumbuka nilivyokuwa nawakamata? Nilikuwa nabadilisha gari usiku wa kuamkia mtihani, naegesha lile jingine, nao wanasimama pale langoni wanaisoma kwa ufasaha namba ya gari ambalo halipo. Niliwacheka sana wale. Basi mimi namba ile nimeigombania na mfamasia, nimekuandikia wewe, nimeiota. Sikuwa naisoma. Nilikuwa naitaja. Nilirudi langoni nikatazama tena kwa haki, na pale katikati ya bamba palikuwa na weupe tu.

Nikajirudisha nyumbani. Nililia, sikufichi, nililia nikiwa nimekaa ndani ya gari lenyewe, mlango wazi. Fundi saa alikuja akasimama karibu. Nikampa funguo, akaziweka kwake kwenye boksi la saa mbovu, na hajanirudishia ingawa mara mbili nimemwomba kwa ukali. Halijawahi kutoka uani.

Sasa na wewe nikuulize, maana kimya si changu peke yangu. Kwenye barua yako ya kwanza kuna basi, na kwenye zilizofuata hakuna usukani. Mke wako anawapeleka, mke wako anawarudisha, basi ni zuri, unasoma gazeti. Mwanangu, wewe hujashika usukani tangu uanze kazi kwenye ule uwanja. Nimekufundisha mimi, nalijua hilo kama ninavyoujua mguu wako. Unayaona yaliyovunjika tu, kila siku, hakuna anayekuletea yaliyofika salama.

Omba likizo. Uje. Gari ni zima, umesema mwenyewe. Wewe kaa kwa dereva, mimi nitakaa upande wangu wa siku zote, penye ubichi. Pembeni naona, nimekwambia, na pembeni ndiko vitu vinakopita. Ila nikuonye mapema, hili si gari la shule. Upande wangu kuna sakafu tu, breki ya pili hakuna. Sijawahi kukaa kiti hicho bila hiyo breki, na nikilifikiria hilo jasho linanitoka.

Itabidi nikuamini.

Shangazi yako


10 Julai

Shangazi yangu, shikamoo,

Barua yako tuliisoma wote wawili mezani, mke wangu kwa sauti, mimi sikuweza. Binti ameuliza kwa nini bibi anaandika kwa herufi za mabango. Nimemwambia ili tusikie vizuri.

Ni kweli kuhusu basi. Ni kweli yote. Sikumwambia mtu, na hakuna aliyeniuliza mpaka wewe, usiyeona.

Likizo nimepata. Jumapili mke wangu alinipeleka kwenye maegesho ya soko kukiwa kumefungwa, akanipa funguo, akahamia pembeni. Tulizunguka mara kadhaa. Nilikanyaga breki kwa nguvu kwa sababu ya mfuko wa plastiki, naye akagonga kichwa kwenye kioo akacheka mpaka akashuka kupumua. Mikono ilikuwa imelowa, lakini tulizunguka.

Nakuja wiki ya mwisho ya mwezi huu. Mwambie fundi saa azishike hizo funguo mpaka nifike, na asiliwashe mtu. Nataka boneti nililikute baridi. Nitainua zulia la upande wako, nitashona lile paa, kisha nitakwenda kusimama langoni unisomeshe bamba la gari la jirani, lile ambalo sijawahi kuliona, ili usije ukasema nilikariri.

Halafu tutatoka. Nitakwenda polepole, utatukana, nitaongeza kidogo. Na mguu wako uweke pale pale unapouwekaga. Ukikanyaga sakafu nitasikia, na nitapunguza mwendo.

Bwana Breki